Kenley: kiwanja kilichookolewa na ufupi wake

Watu wengi wanaopanda kilima cha Kenley, huku kusini mwa London tunakoishi, wanakwenda kutembeza mbwa au kuwapeleka watoto wakapate hewa. Mimi napanda kuangalia kuta. Juu ya kilima kile kipo kiwanja cha ndege za kivita kilichopigana mwaka 1940, na katika viwanja vyote vilivyohusika na ile vita ya angani ya kuilinda Uingereza, hakuna kilichobaki kizima kama hiki. Idara ya serikali inayosimamia majengo ya kale ililisema hilo rasmi mwaka 2000. Hata hivyo, waulize watu wa Croydon kuhusu viwanja vya vita, wengi watakutajia Biggin Hill.

Kazi yangu ni uashi. Marehemu baba alinifundisha kushika mwiko tukiwa Korogwe, na hapa London nimeendelea na kazi hiyohiyo, kwa hiyo nikiona ukuta wa zamani siwezi kuupita bila kuugusa. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ndiye aliyenisindikiza safari hii. Yeye anapenda ndege, mimi napenda matofali, na Kenley kila mmoja alipata chake.

Tulishuka treni Whyteleafe tukapanda kwa miguu. Mlima ule unakata pumzi. Udongo wake ni chokaa nyeupe iliyojaa gumegume, na mvua ikinyesha inateleza kama sabuni. Ukifika juu, ghafla miti inaisha na mbele yako panakuwa wazi kabisa: majani, anga, na barabara pana ya zege inayokwenda moja kwa moja mpaka macho yachoke. Uko mita kama 170 juu ya usawa wa bahari, upepo unavuma wakati wote, na shemeji akaniuliza, “Kaka, hivi hapa ndege zilikuwa zinarukia wapi? Mbona padogo?”

Swali lake ndilo jibu la kwa nini kiwanja kipo mpaka leo.

Kenley kilianza mwaka 1917, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vinaendelea, jeshi lilipochukua sehemu ya ardhi ya wazi iliyokuwa mali ya Jiji la London tangu mwaka 1883. Jiji liliinunua ili wananchi wapate mahali pa kupumzika, na sheria iliizuia isijengwe nyumba. Mwanzoni ndege ziliruka kwenye majani. Kati ya 1939 na 1940 zikamwagwa njia mbili za zege zinazokatana kama herufi X, pamoja na barabara ya kuzunguka kiwanja kizima. Wakati huo hilo lilikuwa jambo kubwa, maana viwanja vingi vya ndege za kivita vilikuwa bado ni majani matupu, na mvua za baridi ziligeuza majani kuwa matope.

Lakini Kenley kimebanwa. Upande huu bonde, upande ule bonde, huku nyumba za watu. Njia ndefu kuliko nyingine inazidi kidogo tu kilomita moja. Linganisha na KIA pale Kilimanjaro, yenye njia ya mita 3,600. Ndege za jeti zilipokuja baada ya vita, zilitaka nafasi ambayo Kenley hakikuwa nayo na kisingeweza kuipata. Viwanja vingine vilirefushwa, vikapasuliwa, vikajengwa upya juu ya vya zamani, na vingine vikageuzwa mitaa ya nyumba au mashamba. Kenley kiliachwa. Mwaka 1959 jeshi lilikifunga kama kituo cha kurusha ndege, na kwa kuwa ardhi ya wazi iliyokizunguka ilikuwa inalindwa na sheria ya karne ya 19, hakuna aliyekuja na katapila. Ni wenye kazi hii tu wanaojua jinsi ilivyo bahati kwa jengo kukosa thamani kwa muda mrefu namna hiyo.

Tulianza kuizunguka ile barabara ya pembeni. Zege lake limemwagwa kwa mapande makubwa, na kwenye maungio wamejaza lami ambayo sasa imepasuka na kuotesha majani. Nilipiga goti nikaangalia. Kokoto zake ni zilezile gumegume za eneo hilo au la jirani, duara, za rangi ya kahawia, na pale uso ulipolika zimetokeza juu na kung'aa kwa kukanyagwa. Shemeji alikuwa ameshatangulia, ananiita.

Alichokiona yeye ni boma la kwanza. Nitayaita maboma kwa sababu ndivyo yalivyo: sehemu ya kuegeshea ndege iliyozungushiwa tuta kubwa la udongo pande tatu, na upande wa nne uko wazi kuelekea barabara. Ukilitazama kutoka juu, boma lina umbo la herufi E. Kuna tuta refu la nyuma, matuta mawili ya pembeni na tuta la katikati linalogawa vyumba viwili. Ndege moja huku, moja kule. Hayana paa. Bomu likiangukia ndani moja kwa moja hakuna cha kukusaidia, lakini mabomu mengi hayaangukii pale yanapolengwa. Kinachoua ndege nyingi ni vipande vya chuma vinavyoruka pembeni na ule mshindo wa hewa, na udongo unavimeza vyote viwili. Tuta la katikati liliwekwa ili ndege moja ikilipuka isiondoke na mwenzake. Maboma yenyewe yametawanywa kuzunguka kiwanja kizima, mbali na mahanga, yale majumba makubwa ya kuhifadhia ndege, ili adui asipate zote kwa pigo moja.

Mtu mwingine angepita akaona vilima vya majani tu. Ingia ndani uangalie kwa chini. Matuta yameshikiliwa na kuta fupi za matofali na zege, na hapo ndipo nilipotumia muda wangu. Matofali ni mekundu, ya kuchomwa, na barafu ya miaka mingi imeyabandua nyuso: maji yanaingia, yanaganda, yanatanuka, uso unadondoka kama gamba. Ukipitisha mkono unabaki na unga mwekundu kwenye vidole. Sehemu nyingine unaona mahali ukuta uliporudishiwa matofali mapya; yana kingo kali na rangi ya sare kuliko ya wenzake. Miaka ya karibuni ulikuwapo mradi wa kukarabati maboma haya kwa fedha za urithi zinazotokana na bahati nasibu ya taifa, Jiji la London likishirikiana na marafiki wa kiwanja. Kukarabati kitu cha namna hii ni kazi ngumu kuliko kujenga kipya, na naiheshimu sana. Ukiweka udongo wa saruji mgumu kuliko tofali lenyewe, baridi ikija tofali ndilo linalokufa.

Nyuma ya tuta la mgongoni kuna kitu kilichonigusa kuliko vyote. Ni handaki. Limejengwa ndani ya tuta lenyewe, na mlango wake sasa umezibwa. Hapo ndipo walipokimbilia watu wa ardhini king'ora kilipolia: mafundi wa injini, mafundi wa bodi, wapakia risasi, madereva wa matangi ya mafuta. Rubani akishapaa, vita yake iko juu. Wao walibaki chini wakingojea. Shemeji aliinama, akachungulia kwenye ufa, akasema, “Hapa mtu ungesikia kila kitu na usione chochote.”

Mafundi hawa hawaongelewi sana. Ndege ya Hurricane au Spitfire ilirudi ikiwa haina risasi na mafuta yanakaribia kuisha, na wao walitakiwa kuijaza, kuipakia, kuikagua na kuirudisha angani katika muda wa dakika chache, halafu waifanye tena saa moja baadaye, na tena jioni, majira yote ya kiangazi kile. Nje ya maboma walikuwapo pia wanawake wa jeshi la anga waliokaa kwenye chumba cha kuongozea mapambano, wakisogeza alama juu ya meza yenye ramani kufuata taarifa za simu kutoka kwenye rada na kwa waangalizi wa anga waliokuwa ardhini. Kenley kilikuwa kituo kikuu cha sekta yake. Kutoka pale ndipo vikosi vilivyokuwa angani vilipoambiwa vielekee wapi. Kwa hiyo Wajerumani walipopanga kukipiga, walipanga kukipofusha.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, tarehe 18 Agosti 1940, mchana, wakati wa chakula. Kenley kilikuwa na vikosi viwili: cha 64 chenye Spitfire na cha 615 chenye Hurricane. Mpango wa Wajerumani ulikuwa wa mapigo matatu. Kwanza zije ndege za kutupa mabomu kwa kupiga mbizi, zivunje majengo na mizinga. Kisha zije nyingine kwa juu, zichimbue njia za kurukia. Mwisho, wakati walinzi wameshachanganyikiwa, ziingie ndege 9 za mabomu aina ya Dornier zikiruka chini kabisa, zimalizie. Hizi 9 zilivuka bahari zikigusa maji, zikaingia nchi kavu karibu na Beachy Head, zikafuata reli ya kuelekea London, chini ya macho ya rada.

Mpango ukavurugika kwa sababu ya mawingu. Makundi ya juu yalichelewa kujipanga kule Ufaransa, na zile Dornier 9 zilizotakiwa kuwa za mwisho zikafika wa kwanza, saa saba na dakika kama ishirini, mbele ya walinzi ambao walikuwa wameshaonywa na waliokuwa wazima kabisa. Simama kwenye ukingo wa kusini wa kiwanja uangalie lile bonde. Utaelewa mara moja. Ndege iliyoruka kimo cha miti ilitokeza juu ya ukingo ule na sekunde chache baadaye ilikuwa juu ya mahanga. Mpiga bunduki hakuwa na muda wa kulenga. Na Wajerumani nao hawakuwa na mahali pa kukwepa.

Zile sekunde chache zilitosha kuangusha mahanga 3 kati ya 4. Hospitali ya kituo ilipigwa, na daktari akawa miongoni mwa waliokufa. Kwa jumla watu 9 waliuawa pale chini na wengine wakajeruhiwa. Nyaya za simu zilikatika. Mabomu mengine yaliachiwa kutoka chini mno hata hayakupata nafasi ya kulipuka ipasavyo, na hiyo iliokoa maisha ya wengi.

Halafu kuna zile roketi. Pembeni mwa kiwanja, wanajeshi walikuwa wamefunga mitambo ya aina mpya: roketi inayoruka wima ikivuta kamba ya chuma ya futi 480, na ikifika juu parachuti inafunguka, kamba inabaki imening'inia angani kama uzi wa mvuvi. Ndege ikiinasa, parachuti nyingine inafunguka upande wa pili wa kamba, na uzito wa vyote viwili unaivuta ndege mpaka inashindwa kuruka. Askari aliyekuwa kwenye kitufe alisubiri Dornier zikaribie, akabonyeza. Moja ilishapigwa risasi, ikanaswa na kamba, ikaanguka ukingoni mwa kiwanja, juu ya nyumba ndogo iliyokuwa Golf Road. Wote waliokuwamo walikufa. Nyingine iligusa kamba ikiwa imelala upande mmoja kwenye kona, kamba ikateleza kwenye bawa na kuiachia. Kati ya zile 9, hakuna iliyotoka pale bila kupigwa, na 4 hazikuonekana tena kwao: mojawapo, iliyombeba kiongozi wa kikosi chao, ililala chini karibu na Biggin Hill ikiwaka moto.

Katika mojawapo ya ndege zile alikuwamo mpiga picha wa vita wa Kijerumani. Picha yake ipo, imechapishwa mara nyingi, na shemeji alikuwa nayo kwenye simu. Spitfire ya kikosi cha 64 imeegeshwa ndani ya boma lake, na mpiga picha yuko karibu kiasi kwamba unaona umbo la tuta vizuri kabisa: mgongo, mkono wa pembeni, sakafu. Tulisimama ndani ya boma, simu mkononi, tukalinganisha tuta na tuta. Miteremko imelegea kwa miaka na majani yamefunika kingo, lakini ramani ni ileile. Sijawahi kusimama ndani ya picha ya adui kabla ya siku hiyo. Nilijikuta nimegeuka kuangalia juu, upande wa kusini.

Na angani upande huo kulikuwa na kamba na parachuti.

Kiwanja cha Kenley bado kinarusha ndege. Ni ndege zisizo na injini, nyembamba, mabawa marefu, zinazorushwa na vijana wanaofunzwa na jeshi la anga. Mwisho mmoja wa njia kuna winchi. Kamba inavutwa kwa kasi, ndege inanyanyuka mbele yake kama kishada, inapanda wima karibu, na ikifika juu rubani anaiachia kamba. Kamba ina parachuti ndogo kichwani inayoifanya ishuke taratibu isijisokote. Mtu aliyekuwa akisimamia pale, mzee mpole sana, alitueleza jinsi inavyofanya kazi, na nilipomtajia zile roketi za 1940 akatabasamu akaonyesha kwa kidole mahali anapoamini mitambo ilipangwa. Kwa sababu ya ndege hizi njia za zege hazijafa. Zimetunzwa, zimefagiwa, na umbo la X lipo jinsi lilivyokuwa. Na kwa sababu ya ndege hizi usikatize njia hata ukiona kimya. Zinashuka bila sauti.

Mengine tuliyapita haraka. Hanga la mwisho liliungua mwaka 1978 na sasa pana nyumba za kawaida upande huo. Klabu ya maofisa ipo nje ya uzio, jengo kubwa la matofali ambalo kwa miaka mingi lilikaa likioza. Ipo pia shabaha ya mazoezi ya bunduki, ukuta mrefu uliosimama peke yake. Ukiwa na muda nenda kauone.

Baada ya shambulio, chumba cha kuongozea mapambano kilihamishiwa mjini Caterham, kwenye duka la nyama lililokuwa tupu. Hili sikulijua kabla. Kwa hiyo majira yale ya vuli, wakati London inaungua usiku, ndege zilizokuwa juu ya kusini ya Uingereza ziliongozwa kutoka chumba ambamo wasichana walisogeza alama za ramani katikati ya kuta za vigae vya bucha. Baadaye kikahamia nyumba kubwa kule Old Coulsdon. Nililitafuta lile duka tukiwa tunateremka, Godstone Road, nikasimama mbele ya mtaa wa maduka ya kawaida kabisa, kinyozi, mgahawa. Watu walinishangaa nikiangalia juu ya vibao.

Kenley hakikuwa cha Waingereza peke yao. Mwaka 1941 walikuwapo Waaustralia wa kikosi cha 452, na kati yao rubani wa Kiireland, Paddy Finucane, aliyekufa mwaka 1942 akiwa na miaka 21. Mwaka 1943 walikuwa Wakanada, wakiongozwa na Johnnie Johnson. Douglas Bader aliishi hapa akiwa kijana, kabla ya ile ajali ya Desemba 1931 iliyomkata miguu yote miwili, na baadaye akarudi kuruka kwa miguu ya bandia. Mkuu wa kituo, Victor Beamish, alikuwa anaruka mwenyewe ingawa cheo chake kilimruhusu kukaa ofisini. Februari 1942 ni yeye na mwenzake waliozikuta meli kubwa za Kijerumani zikipenya kwenye mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, na mwezi uliofuata hakurudi. Vikosi vyote vilivyopita pale vinakumbukwa kwenye mnara wa jiwe uliosimamishwa mwaka 2000 ndani ya boma mojawapo.

Niliposoma kuhusu kikosi cha 615 nikaganda. Kikosi hiki ndicho kilichopoteza ndege chini kwenye mlipuko wa ile Jumapili. Mwaka 1942 kilipelekwa India. Kikaruka juu ya mpaka wa Burma kwa Hurricane, kisha kwa Spitfire, na mwaka 1944 kilikuwa kinatumia viwanja vya bonde la Imphal, kikiwamo cha Palel.

Babu yangu mzaa mama alikuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles. Alikuwa katika ile divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, vijana kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, waliopelekwa Burma na ambao Agosti 1944, mvua za masika ya kule zikiwa zimefungua, walianza kuwafukuza Wajapani kuteremka bonde la Kabaw, kutoka Tamu mpaka Kalewa. Waliingia Kalewa mwanzoni mwa Desemba. Njia yao ya kwenda Tamu ilianzia upande wa Palel. Babu hakupenda kusimulia. Alichosimulia ni matope, malaria, na chakula kilichoshushwa kwa parachuti, maana barabara zilikuwa zimezama. Sisi wajukuu tulikuwa tunamuuliza habari za bunduki, na yeye anatueleza magunia ya mchele yanayoshuka kutoka mbinguni. Na alikuwa akisema kwamba ndege wakati mwingine zilipita hata hawakuweza kuziona kwa wingu, wakabaki kuzisikiliza.

Sidai kwamba Babu alikutana na kikosi cha 615. Tarehe 10 Agosti 1944 kikosi hicho, kikiwa kinahama kutoka Palel, kiliingia kwenye dhoruba ya masika na kupoteza Spitfire kadhaa pamoja na marubani, kiongozi wao akiwa miongoni mwao. Ni mvua hiyohiyo iliyokuwa ikiwanyeshea watu wetu. Mtu wa Korogwe alikanyaga matope yale, na waliotoka kwenye kilima ninachokiona nikiwa kwenye jukwaa la kazi kule Purley waliangukia humohumo. Nilipomweleza shemeji, aliniambia nimpigie Mjomba siku hiyohiyo, nami nikafanya hivyo, tukiwa bado tumekaa kwenye benchi pale juu. Mjomba ana cheti cha Babu cha kuachishwa jeshi kwenye sanduku la Bibi. Hajawahi kukisoma kwa makini. Alienda kukitafuta huku simu iko hewani, na nikamsikia akimwambia mtu, “Lete hiyo miwani.”

Tuliteremka kwa njia ya kanisa la St Luke's, Whyteleafe. Ukienda Kenley usirudi bila kupita pale. Kwenye makaburi ya kanisa kuna safu ya mawe meupe ya jeshi, na ni ya watu wa kituo. Majina, umri, cheo. Nilitazama vyeo zaidi kuliko majina, na nilichotaka kukiona kipo. Marubani wapo, lakini wapo pia wenye vyeo vya chini kabisa, wale wa kubeba na kukaza na kujaza. Shemeji aliondoa majani makavu yaliyokuwa yamelala juu ya mawe mawili matatu. Mlinzi wa kanisa alitusalimia, akatuachia geti wazi.

Kama unataka kwenda: chukua treni ya Caterham kutoka East Croydon, shuka Whyteleafe, panda Whyteleafe Hill. Vaa viatu vya kushika, hasa kuanzia Oktoba. Kiwanja kinazungukwa kwa muda wa saa moja na nusu ukiwa huna haraka, kwa barabara ile ya pembeni, na usipande juu ya matuta, maana kila mguu unaopanda unayateremsha. Siku za kurusha ndege zuia watoto na mbwa wasiingie kwenye njia. Ng'ombe wa Jiji huachiwa kulisha sehemu fulani za ardhi ya wazi na ni wapole. Maji ya kunywa beba mwenyewe.

Majalada ya kila siku ya vikosi vya jeshi la anga yamehifadhiwa Kew, kwenye nyaraka za taifa, chini ya fungu AIR 27. Nimeshajiandikisha kuyasoma ya kikosi cha 615 ya mwaka 1944. Mjomba naye ameshanitumia picha ya kile cheti. Wino umefifia lakini namba ya Babu inasomeka yote, na chini yake, kwa mwandiko wa karani fulani wa jeshi, pameandikwa kazi aliyokuwa nayo kabla ya kuandikishwa: mwashi.